Kuhusu mama na ile mashine

Shoga yangu Mwanaidi,

Za Tanga? Meseji yako kwamba mama kaanza kusafishwa damu niliisoma juzi nikiwa kwenye mashine, mkono mmoja una sindano mbili nikashindwa kujibu. Umeniuliza huwa najisikiaje hasa, na miaka miwili yote nimekuwa nakwambia naendelea vizuri, leo ntakwambia ukweli maana mama nae atakujibu hivyo hivyo na wewe usikubali.

Kwanza madafu unayompelekea kila jioni acha leo leo. Najua ni mapenzi, ila yana potasiamu nyingi, figo zake haziwezi kuitoa na ikijaa kwenye damu inavuruga mapigo ya moyo, hata kuusimamisha. Ndizi na machungwa msimpe mpaka muulize kliniki.

Watu wanadhani ukishasafishwa unatoka na nguvu. Wapi! Mimi siku ya mashine nikifika nyumbani ni kitanda mpaka kesho yake, hata kuongea naona kazi. Figo nzima inafanya kazi usiku na mchana, sisi tunasafishwa masaa 4 mara 3 kwa wiki, maji ya siku mbili tatu yanavutwa kwa mkupuo mmoja, lazima mwili uyumbe. Presha inashuka, kichefuchefu, kizunguzungu, na kigimbi kinabana mpaka unapiga ukelele mbele za watu. Mama asijikaze, akihisi tu kinaanza kuvuta amwite nesi wapunguze kasi ya kutoa maji.

Ila kilichonitesa kuliko vyote ni muwasho. Hakuna upele, hakuna kitu, mgongo unawaka kwa ndani, usiku nilikuwa najikuna na gunzi la mahindi mpaka damu. Nikabadili sabuni, nikapaka mafuta ya nazi, miezi mitano simwambii daktari kwa sababu wao wanauliza uzito na presha, nikaona muwasho ni jambo dogo la kumpotezea mtu muda. Siku niliyosema akaangalia vipimo, fosfeti, yale madini ya kwenye chakula ambayo figo mbovu haziyatoi, iko juu, akaniuliza vile vidonge vya kalsiamu nameza saa ngapi. Nikamwambia nikienda kulala. Kumbe vinamezwa pamoja na chakula, ndo vinashika ile fosfeti humo humo tumboni kabla haijaingia kwenye damu! Muwasho haujaisha wote ila sasa nalala, Mwanaidi, nalala.

Na miguu, usiku ukimsikia anatembea tembea chumbani usidhani ni mawazo tu, miguu inakuwa kama ina sisimizi ndani ya mifupa, ukitulia inazidi. Kiu nayo ni mateso, mpunguzieni chumvi kwanza, halafu kipande cha barafu mdomoni kinasaidia kuliko glasi ya maji.

Umesema bado ana mpira shingoni, ule wa kupitishia damu kwenda kwenye mashine. Usilowe maji, na akipata homa au akitetemeka msingoje siku yake ya mashine, mpelekeni saa hiyo hiyo.

Nipigie Alhamisi asubuhi, sio Jumatano, Jumatano sauti inakuwa haipo. Na umpe mama simu niongee nae mwenyewe, nataka nimuulize kama anawashwa.

Wako,
Zuhura