Mheshimiwa, mwanangu hakulewa: barua ya wazi kwa mbunge wetu

Mheshimiwa Mbunge,

Shikamoo sikupi, maana umri wako ni wa mwanangu wa kwanza, lakini heshima yako naiweka palepale. Jina lako nimeliacha makusudi, na la hospitali pia. Nikiyaandika, watu wataanza kubishana nani kanituma, na habari yenyewe itapotea. Wewe unajijua. Ni wewe uliyesimama chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji ukaniambia mbele ya watu, "Mama, hili nimelichukua."

Nakuandikia kuuliza umelipeleka wapi hilo la mazoezi ya mwanangu aliyeumia kichwa.

Jumanne iliyopita mwanangu alitangulia kuingia hospitali peke yake. Ilikuwa mara ya kwanza, mwenyewe alitaka, na kutoka tuliposhukia hadi getini hata uzee wangu hauchoki. Nilibaki nyuma namlipa dereva. Nafika, namkuta amekaa chini kwenye mchanga, kadi ya kliniki imemwangukia pembeni, mlinzi anamwambia, "Nenda kalale kwanza, uraka ukutoke." Watu waliopanga foleni wanacheka. Uraka ni pombe ya mabibo, matunda ya mkorosho, na msimu wake ndio huu; huku kwetu kwenye uwanda wa Makonde kijana anayepepesuka saa tatu asubuhi na ulimi mzito watu hawamtafutii sababu nyingine. Mlinzi simlaumu sana. Zamani na mimi ningesema hivyohivyo. Lakini pale ni hospitali, Mheshimiwa. Kama hospitali haimjui mtu aliyeumia ubongo, akajulikane wapi, kilabuni?

Mwanangu aliumia Novemba 2022. Alikuwa dereva wa bodaboda, amebeba abiria na gunia la korosho, akaanguka. Kofia ngumu alikuwa nayo, imening'inia kwenye usukani kama kikapu cha sokoni. Hilo nalisema mwenyewe kabla hujanisemea. Alipelekwa hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, na pale Taasisi ya Mifupa Muhimbili wakamfungua fuvu wakatoa damu iliyokuwa inaubana ubongo. Waliniokolea mtoto, na kila nikiswali nawaombea. Mikorosho 40 niliiuza ili nikae naye huko. Mwaka 2024 bei ilipopita shilingi 4,000 kwa kilo mnadani, nilikaa barazani namsikiliza jirani akihesabu zangu.

Tuliporudi tulipewa karatasi: aendelee na mazoezi ya viungo na ya kuongea, hospitali ya karibu na nyumbani. Karibu na nyumbani! Nimeikunja na kuikunjua karatasi hiyo mpaka imekatika katikati.

Kuna jambo nadhani viongozi wengi hamlijui, na sioni aibu kulieleza, maana hata mimi nilifundishwa wodini. Kuokoka siyo kupona. Upande wa kushoto wa ubongo ukiumia, mkono na mguu wa kulia ndio unaolemaa, na maneno yanapotea. Mwanangu kikombe anakijua, anakishika, lakini anakiita "kile cha kile". Mimi ananiita dada. Jioni analia bila sababu, au anapandisha hasira kwa kitu kidogo kama chumvi, halafu baada ya muda hakumbuki. Majirani wana maelezo yao, wengine walishaniletea hadi mganga. Waliomfungua fuvu waliniambia ubongo unaweza kufundishwa upya, lakini unataka mtu anayejua kuufundisha, tena mapema, kabla viungo havijakakamaa.

Mapema imeshapita. Mkono wake wa kulia umejikunja ngumi. Kila asubuhi napaka mafuta ya nazi ya moto kidogo, namfungua kidole kimoja kimoja, nasafisha kiganja kwa sababu kikikaa siku mbili kinatoa harufu, kisha namshikisha gunzi la mahindi nililolizungushia kipande cha kanga ili kucha zisimchome. Uani mjomba wake amemchimbia mianzi miwili sambamba ajifunze kutembea katikati yake. Ndiyo idara yetu ya mazoezi hiyo. Hatukukata utepe.

Mei 2024 barabara ya kwenda Dar es Salaam ilipokatwa na mvua za kimbunga Hidaya, tarehe yake ya kliniki ilipita tukiwa nyumbani. Dawa za kuzuia kifafa zikaisha. Siku ya nne alianguka jikoni, nusura mkono uingie kwenye mafiga. Baada ya hapo ndipo nilipokuja kukuona chini ya mwembe, na ndipo ulipolichukua.

Ulisema maneno matatu, nayakumbuka kwa sababu katibu wako aliyaandika: mtaalamu wa mazoezi ataletwa, chumba kitatengwa, dawa hazitakosekana. Haki yako nikupe, chumba kilitengwa. Mlango umepakwa rangi ya buluu, na maandishi juu yake ni mazuri. Jumanne ileile, baada ya kumnyanyua mwanangu mchangani, nilichungulia dirishani. Viti vya plastiki vimepangwa hadi dari, na mabango ya sherehe. Mtaalamu naye alikuja. Alikaa miezi minne, akamfanya mwanangu asimame bila kushikwa hadi tuhesabu ishirini, akaondoka. Wengine wanasema aliomba uhamisho kwa kukosa nyumba, wengine wanasema mshahara. Mimi nahisi fungu la kumweka liliishia kwenye ile rangi ya buluu. Kama nakosea, nisahihishe hadharani, sitakasirika.

Tafadhali usinijibu kwamba Mtwara kuna hospitali ya kanda. Najua ipo, na ni jambo la kujivunia. Lakini mazoezi ni mara tatu kwa wiki, na kutoka kwangu ni magari mawili kwenda na mawili kurudi, na mtu wa kumshika. Usiniambie pia sheria ya bima ya afya kwa wote imepitishwa tangu 2023. Kadi yangu ya CHF, ule mfuko wa afya ya jamii, niliyoilipia shilingi 30,000 ninayo, inatukinga watu sita. Haijui kumnyoosha mtu vidole.

Nilipoanza kuandika nilikuwa na mengi ya kuomba. Nilitaka wauguzi wafundishwe, walinzi wafundishwe, vijana wa bodaboda wavalishwe kofia kwa nguvu, gari la wagonjwa liwe na mafuta. Nayataka bado. Lakini nimeona ukipewa mengi unayachukua yote. Basi chukua moja. Mtaalamu mmoja wa mazoezi ya viungo, siku moja kwa wiki, hata akiwa anakuja na kuondoka. Sisi tutajipanga. Siyo mwanangu peke yake. Kuna kijana wa pili aliyeanguka mnazini, kuna mama aliyepigwa kichwani na mumewe, kuna wale wa bodaboda ambao siwezi hata kuwahesabu. Wamelazwa nyumbani, wanageuzwa na mama zao, wengine hawageuzwi na migongo imeshatoboka vidonda. Mtaalamu mmoja, Mheshimiwa. Siku moja.

Binti yangu amekata kipande cha boksi, ameandika kwa kalamu ya wino mzito: SIJALEWA, NILIUMIA KICHWA. Amekitoboa na kukifunga uzi. Mwanangu anakivaa shingoni tukitoka, na anakipenda, anadhani ni kitambulisho cha kazi.

Jumanne tutakuwepo hospitali tena, mapema. Kama shida ni vile viti, nipewe ufunguo tu. Nitavitoa mwenyewe.

Mama yake,
mkulima wa korosho, mkoani Mtwara