Barua ya Kufunga Muhula: Kuhusu Makaratasi ya Sanaa

Kwa wazazi na walezi wa Gredi ya 5 na 6,

Assalamu alaykum, na hamjambo nyote.

Muhula wa pili unafungwa leo. Ripoti ziko kwa walimu wa darasa. Salio la karo njooni tulizungumze ofisini, mtoto hahusiki.

Lililonijazia simu wiki hizi mbili ni yale makaratasi ya sanaa. Mama mmoja aliniuliza, "Mwalimu, mwanangu mwandiko wake ulikuwa mzuri, mbona sasa ananiletea michorochoro?" Hajasahau kuandika, mama.

Kila mtoto alichagua neno la baharini, akaliandika kwa herufi kubwa. Kisha akageuza karatasi juu chini akaliandika tena juu ya lile la kwanza, mara nne, mara tano, mpaka likawa halisomeki. Hapo ndipo rangi ikaingia, na haikupakwa kwenye herufi bali kwenye nafasi zilizobaki katikati yake. Aliyechagua TANGA alikuta zile A mbili zimezaa pembetatu tele, karatasi nzima imejaa matanga ya ngalawa ambayo mwenyewe hakuyachora. KUSI ilitoa mawimbi matupu.

Nyinyi wenye leso mnajua jina, yale maneno yaliyoandikwa juu yake, lina mahali pake, na tunalisoma kabla ya kutoa pesa. Watoto wamelichukua jina wakalifanya ndilo mji, lile pambo la katikati.

Nami nilikuwa na shaka, mpaka mwalimu wao aliponionyesha kazi za Ibrahim El-Salahi, mchoraji wa Sudan aliyezaliwa Omdurman mwaka 1930. Aliporudi Khartoum kutoka masomoni London alionyesha picha zake, watu hawakuvutiwa. Akaanza kutazama khati, yale maandishi ya Kiarabu ya mapambo, walizozitundika majumbani mwao, akazivunjavunja herufi, na ndani yake zikamtokea sura za watu na wanyama.

Kabla hatujaanza, mzazi mmoja ambaye ni ustadh wa madrasa alitukumbusha kwamba aya na majina ya Mwenyezi Mungu hayachezewi, wala hayaachwi kwenye karatasi itakayokanyagwa. Tulimsikiliza. Ndiyo maana hakuna aliyetumia jina lake mwenyewe. Kina Abdulrahman humu ni wengi, na Rahman ni jina la Mwenyezi Mungu.

Muhula ujao tunahamia ukutani, ule unaoelekea uwanjani. Tuleteeni rangi iliyobaki mikebeni na kalenda za zamani, maana nyuma ni nyeupe. Na yale makaratasi, tafadhali, yasifungiwe mahamri. Yarudisheni shuleni siku ya kufungua.

Wenu katika malezi,
Mwalimu Mkuu