Si kila mbwa anayenyonyoka manyoya ana upele

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie upungufu wa homoni ya tezi ya thairoidi, ugonjwa ambao wafugaji wengi wa mbwa hapa Nakuru huuchukulia kuwa upele. Mbwa wangu mwenye umri wa miaka 7 alipoanza kunyonyoka manyoya mbavuni, mkia nao ukabaki mtupu kama wa panya, alidungwa sindano za upele mara tatu bila nafuu. Wala hakuwa akijikuna. Alikuwa akinenepa ilhali chakula hakikuongezwa, na asubuhi za baridi ya Njoro hakubanduka kando ya jiko hata lango likibishwa.

Daktari wa mifugo wa pili ndiye aliyechukua damu, ikabainika kwamba tezi ya thairoidi, iliyoko shingoni, haitoi homoni ya kutosha. Homoni hiyo ndiyo inayouongoza mwili katika kutumia chakula na kujipatia joto. Kwa mbwa, tezi hiyo huharibika mara nyingi kwa sababu kinga ya mwili huishambulia, au husinyaa tu, na ni nadra iwe kwa kukosa iodini. Jirani aliyenishauri nimtilie chumvi yenye iodini zaidi kwenye ugali alikuwa na nia njema, basi. Kipimo kimoja pia hakitoshi, kwa kuwa maradhi mengine na dawa za steroidi zaweza kushusha kiwango cha T4, yaani homoni yenyewe ya thairoidi, hali tezi ni nzima, ndiyo maana hupimwa pamoja nayo TSH, homoni inayoiamuru tezi ifanye kazi.

Tiba ni tembe za levothairoksini, yaani homoni hiyo iliyotengenezwa kiwandani, maisha yote. Wangu humeza kila baada ya saa 12, daima kabla ya kula, kwani chakula hupunguza dawa inayoingia mwilini. Uchangamfu ulirudi katika wiki mbili, lakini manyoya yalichukua miezi, na nadhani hapo ndipo wengi hukata tamaa wakaacha dawa. Wengine huchota tembe za mama mzee mwenye rovu wakikisia kipimo. Dawa ni ileile, ila kwa kila kilo ya uzito mbwa huhitaji nyingi zaidi kuliko binadamu, na ikizidi huhema, hunywa maji ovyo na kukosa utulivu. Daktari ndiye wa kupanga kipimo, kisha apime damu tena baada ya mwezi mmoja au miwili.

Najua upo upele usiowasha. Hata hivyo, nawasihi wauzaji wa agroveti, kabla hawajafungua sindano, waulize kama mbwa anajikuna na kama amenenepa.

Mfugaji wa mbwa,
Njoro, Nakuru