Kalamu yenye kilango

Uyole, Mbeya
Julai

Dada Faraja,

Kamwene. Huku baridi imekaza, ila nikilalamika mbele ya mtu wa Njombe nitachekwa, kwa hiyo tuyaache. Umeuliza mambo mawili: kama ile kalamu ya wino ya kubonyeza ina maana yoyote au ni urembo tu, na kama itakufaa kituoni. La kwanza jibu lake fupi: ina maana. La pili ndilo limenifanya nichukue karatasi badala ya simu.

Kalamu ya wino, namaanisha ile ya kujaza na yenye nibu, yaani ncha ya chuma yenye ufa, adui yake ni hewa. Wino wake ni maji yaliyotiwa rangi. Ukiiacha wazi dakika chache, hasa kiangazi hiki hewa ikiwa kavu, wino unagandia kwenye ufa wa nibu na kalamu inagoma. Ndiyo maana ikawekewa kofia, na kofia nyingi ni za kuzungusha. Mtu anayekaa mezani akajaza kurasa tano hasumbuliwi na kofia. Wewe huandiki hivyo. Unaandika mstari mmoja kwenye rejesta ya MTUHA, ile ya taarifa za afya, unainuka kupima presha, unarudi kuandika dozi, unaitwa wodini, na mkono wa pili muda wote umeshika kitu. Ukifunga kofia kila mara utachoka kabla ya saa nne asubuhi. Usipofunga, utarudi ukute kalamu imekauka, na hapo mtu hurudia biki yake bila hata kulaumiwa.

Hii ya kubonyeza imeondoa kofia kabisa. Kitufe kiko nyuma kama cha biki. Ukibonyeza, nibu pamoja na hifadhi yake ya wino inasogea mbele na kutokeza. Ukibonyeza tena, springi inairudisha. Kinachoitenga na biki kiko mdomoni: ndani ya tundu kuna kilango, kibati kidogo chenye springi yake, ambacho nibu inakisukuma ikitoka na ambacho hujifunga chenyewe ikirudi. Pilot ya Japani ilitoa ya kwanza mwaka 1963 ikaiita Capless. Ile ya mwanzo ilikuwa ya kuzungusha. Ya kubonyeza ikafuata. Ukiona jina Vanishing Point, ni hiyo hiyo kwa soko la Marekani. Utamu wake wote uko kwenye kilango kile, na matatizo yake mengi pia yako hapo hapo.

Kwanza klipu, maana ndiyo inayowashtua watu. Imewekwa upande wa nibu, siyo upande wa kitufe. Sababu yake ni nzuri: ukiichomeka mfukoni nibu inatazama juu, wino unabaki nyuma haukusanyiki kwenye ulimi, kile kipande cha plastiki chini ya nibu kinachopitisha wino. Lakini ukiandika, klipu inakaa katikati ya kidole gumba na cha shahada. Ukishika kalamu kwa vidole vitatu kama tulivyofundishwa darasa la kwanza, utaisahau baada ya siku mbili. Ukishika kwa kukunja ngumi, au ukipenda kuzungusha kalamu kidogo upande, klipu itakusukuma kila neno, na hilo halizoeleki. Kabla hujatoa hela, chukua biki nene, ifunge kijiti cha kiberiti kwa gundi ya karatasi pale vidole vinapokaa, uandike ukurasa mzima. Vidole vyako vitakupa jibu.

Za kuchagua si nyingi. Capless yenyewe ni ya chuma, ina uzito wa takriban gramu 30, nibu yake kwa kawaida ni dhahabu ya karati 18. Decimo ni ndugu yake mwembamba, gramu 21 hivi, na kwa mkono wako mdogo ningeanzia hapo. Platinum, kampuni nyingine ya Japani, wana Curidas, iliyoingia sokoni 2020: mwili wa plastiki, nibu ya chuma, na klipu yake inaweza kuondolewa. Lamy wa Ujerumani wana Dialog, ya kuzungusha, nzuri kwa macho lakini nzito, si ya mfuko wa koti. Kuna pia Majohn A1 ya China, imefuata umbo la Capless bila kuona haya, nibu ya chuma, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya ile ya Mjapani. Ya dhahabu itakugharimu laki kadhaa. Kama hujawahi kuishi na kalamu ya wino, anza na ya bei ndogo uone kama tabia zenu zinaoana, ndipo upande. Sioni aibu yoyote katika hilo.

Chagua nibu ya F, yaani nyembamba. Nibu za Kijapani ni nyembamba kuliko za Ulaya kwa karibu daraja moja, kwa hiyo F ya Pilot inatosha kabisa kwenye vijisanduku vya rejesta. M, ya kati, iache kwa barua.

Sasa kujaza, na hapa nitakaa kidogo. Rudisha nibu ndani kwanza, ndipo ufungue mwili katikati kwa kuzungusha. Utatoa kipande kirefu: nibu, ulimi mweusi wa plastiki chini yake, na nyuma konveta, yaani kibomba cha kuvutia wino, au katriji, kichupa cha plastiki kinachokuja na wino ndani yake. Konveta ya Pilot, CON-40, inachukua kama mililita 0.4 tu. Katriji yao inachukua kama 0.9, zaidi ya mara mbili. Ukitumia katriji kwenye Capless, usisahau kuivisha ile ala ya chuma inayokuja na kalamu. Mtambo wa kitufe unasukuma kwenye ala hiyo, siyo kwenye plastiki tupu.

Kujaza kwa kuchovya kunachosha, kwa sababu lazima nibu yote izame, na chupa ikifika nusu haizami. Wewe una njia bora kuliko sisi wote: bomba la sindano jipya la mililita 1 au 2. Vuta wino kwenye bomba, jaza katriji tupu iliyosuuzwa, acha nafasi ndogo juu, rudishia. Hakuna kuchovya, kwa hiyo nibu haitoki imeloa wino hadi shingoni. Na shingo iliyoloa ndiyo inayopaka kilango wino. Wino ukikaukia pale, kilango kinanata nusu wazi, hewa inapita usiku kucha, na asubuhi utasema kalamu ni mbovu. Ukiwa umechovya, basi futa nibu na shingo kwa karatasi laini mpaka pasiache doa, ndipo uingize. Kwenye kipande hicho kuna kijinundu kinachoingia kwenye mfuo upande wa klipu. Visipokutana, usilazimishe. Zungusha polepole mpaka kiingie chenyewe.

Jambo ambalo watu wa tambarare hawalijui ni mlima. Ukitoka Dar es Salaam na basi, kalamu imefungwa ikiwa na hewa ya pwani ndani yake. Kuanzia Ruaha Mbuyuni, mnapoupanda mlima Kitonga, mgandamizo wa hewa nje unashuka, hewa iliyo ndani ya katriji inatanuka, na inachosukuma ni wino. Kutoka pwani hadi Njombe hewa hiyo inaongezeka kwa karibu robo. Piga hesabu kama ya dripu, matone 20 kwa mililita: katriji ikiwa nusu, hewa iliyomo ni mililita 0.45, itatanuka kwa 0.11 hivi, yaani matone mawili. Ulimi unaweza kumeza sehemu yake. Kinachobaki kinaingia kwenye kilango, kisha kwenye koti. Konveta iliyo nusu itatoa tone moja. Iliyojaa kabisa ina hewa kidogo sana, na tupu haina cha kumwaga. Kwa hiyo safari ya kupanda ni kalamu iliyojaa au iliyo tupu, nibu juu, na usiibonyeze njiani. Mkifika, ishike nibu ikiwa juu, ibonyeze, gusisha karatasi laini kwenye nibu, ndipo uandike. Kuja kwangu huku kutoka Njombe kuna hila: mnateremka hadi Chimala, halafu kuanzia Igurusi mnapanda tena hadi Uyole. Kushuka hakuleti shida, kwa sababu hewa inaingia badala ya wino kutoka. Kupanda kwa pili ndiko kunakomwaga.

Mfukoni pia jihadhari. Kitufe kikibonyezwa na ubao wa faili, nibu inatoka kimya kimya na koti jeupe linakuwa limenunua ugomvi. Kabla ya kuichomeka, tazama tundu. Usitegemee sauti ya kitufe, wodi ina kelele.

Kuhusu wino. Wino wa rangi tupu, kama Pelikan 4001 Royal Blue, unasuuzika kirahisi na haukwazi kalamu, lakini tone la maji likidondokea rejesta jina la mgonjwa linaondoka. Kwa kumbukumbu za kituo tumia wino wa chuma, yaani wenye chumvi za chuma ndani yake: Blue-Black ya Pelikan 4001 au ya Platinum. Unaandika ukiwa bluu, unazidi weusi kadiri hewa inavyougusa, na maji hayauondoi wote. Malipo yake ni usafi: suuza kila wiki mbili au tatu badala ya mwezi. Na usimwagie jiki doa lake. Jiki itaondoa rangi ya bluu na kukuachia kutu ya kahawia. Ndimu na chumvi vina nafuu zaidi. Wino wenye chembe, kama Carbon Black ya Platinum, haufutiki hata kidogo, ila ukikauka ndani haufutiki humo pia. Kwenye kalamu inayolindwa na kilango badala ya kofia, mimi nisingeuweka.

Na fomu zenye karatasi ya kaboni? Hapana. Nibu haitakiwi kukandamizwa, na bila kukandamiza nakala ya chini inabaki nyeupe. Baki na biki moja kwa kazi hiyo, na umpe hiyo hiyo kila anayekuja kuazima, kwa sababu mtu aliyezoea biki atakandamiza na meno ya nibu yatapanuka. Nibu inataka ulalo wa karibu nyuzi 45 na uzito wa kalamu yenyewe, basi.

Karatasi ndiyo bahati nasibu. Wino ukitambaa na kuota manyoya, kosa si la kalamu: nyuzi za karatasi hazikupakwa vya kutosha kile kinachozuia maji. Zamani, na hata sasa katika viwanda vingine, kinachopakwa hutokana na utomvu wa misonobari, jambo la kuchekesha kwa sisi tunaopita Sao Hill katikati ya misonobari kisha tunanunua kaunta buku inayonyonya kama pamba. Jaribu hivi dukani: chora mistari miwili inayokatana, subiri nusu dakika, tazama njia panda yake, kisha geuza ukurasa. Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 mara nyingi inafaulu. Kaunta buku mbili za rafu moja zinaweza kutofautiana, kwa hiyo jaribu kila fungu.

Ikikugomea asubuhi, chovya ncha kwenye maji baridi safi kwa sekunde mbili, gusisha karatasi laini, andika. Ikirudia kila asubuhi, mshuku kilango. Toa kipande cha nibu, sukuma kilango taratibu kwa kijiti cha kiberiti: kinapaswa kurudi mara moja. Kikirudi kwa uvivu kina wino mkavu. Pitisha pamba iliyoloa maji kidogo, uache wazi kikauke. Usitumbukize mwili mzima kwenye maji, una springi ndani. Nibu iliyoziba kabisa ilaze usiku kwenye maji yenye tone la sabuni ya vyombo, kisha sukuma maji kwa bomba lako mpaka yatoke meupe. Maji ya moto hapana, na spiriti hapana, hata kama iko mezani inakutazama.

Alfajiri za Makete na Njombe wino unakuwa mzito kidogo na mstari unafifia. Iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili. Na ikikaa wiki nzima bila kazi, usishangae ikianza kwa kusuasua. Kilango hakijawahi kuziba kama kofia nzuri.

Ukishaamua, niandikie kwa kalamu yenyewe, na usinitumie picha ya simu. Nataka kugeuza ukurasa nione kama umepenya.

Wasalimie wote nyumbani, na mama umpe shikamoo yangu.

Wako,
Atupele