Mama aliyesomesha kwa ncha za vidole

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimkumbuke mama yangu, mwalimu wa elimu maalumu tuliyemzika mwezi uliopita. Alisomea Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha, kisha akawafundisha watoto wasioona hadi alipostaafu.

Meza yetu ya chakula ilikuwa darasa pia. Hapo ndipo sisi wanawe tulipojifunza nukta nundu, maandishi ya vinundu ambayo wasioona huyasoma kwa vidole: nukta 6 tu, na herufi zote zimo. Anayetoboa nukta hizo kwa mkono huandika kutoka kulia kwenda kushoto, kisha hugeuza karatasi ndipo aisome. Mtoto mgeni huchanganyikiwa sana. Mama aliweza kukaa na mmoja wiki nzima kwenye herufi moja, bila kupandisha sauti. Karatasi nzito zilipokwisha shuleni alizunguka kwa majirani akiomba kalenda kuukuu, maana karatasi nyepesi huchanika.

Walimu wenye ujuzi huu, jamani, wasipangiwe madarasa ya kawaida huku watoto hawa wakiwasubiri.

Siku ya mazishi, mwanafunzi wake wa zamani, ambaye sasa naye ni mwalimu, alisoma wasifu wa marehemu kwa vidole. Alipofika kwenye jina la mama, vidole vilirudi mara mbili.

Mwanawe,
Dodoma