Malalamiko: beringi za magurudumu ya mbele mlizofunga kwenye gari langu la kambi

Njiro, Arusha
19 Agosti 2024

Meneja,
Gereji na Duka la Vipuri,
Arusha.

Ndugu Meneja,

YAH: BERINGI ZA MBELE ZA LAND CRUISER YA KAMBI NA MADAI YA FIDIA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nina magari machache ya kambi ninayowakodisha wageni wanaojiendesha wenyewe: Land Cruiser zenye hema juu ya paa, na nyuma zina friji, tangi la maji na droo za jiko. Mwezi Juni, kabla msimu haujachanganya, niliwaletea moja mkabadilisha beringi za magurudumu yote mawili ya mbele. Ankara yenu inasema beringi mpya, oili sili mpya (mipira ya kuzuia grisi isitoke na uchafu usiingie), grisi na ufundi. Nililipa yote siku hiyohiyo, bila kuomba punguzo.

Gari halikufikisha kilomita 3,000. Wageni wangu walikuwa wametoka Ngorongoro wanaelekea Serengeti, kwenye kile kipande cha vumbi na rasta, yaani vile vijituta vinavyotikisa gari, kabla ya lango la Naabi ambacho kila dereva wa utalii anakifahamu. Wakaanza kusikia ngurumo gurudumu la mbele kushoto, inazidi kila wanapokata kulia. Baadaye pedali ya breki ikaanza kuzama. Hilo ndilo lililonitisha waliponipigia simu, kwa sababu beringi ikilegea, diski ya breki hucheza na kuzisukuma pedi nyuma, na dereva akikanyaga mara ya kwanza hapati kitu. Niliwaambia wasimame hapohapo. Habu, yaani kitovu cha gurudumu kinachobeba beringi, ilikuwa ya moto hata kuigusa haiwezekani, na gurudumu lilipoinuliwa na jeki, ukilishika juu na chini, lilikuwa linacheza. Lingebaki barabarani kwa muda zaidi, leo ningekuwa naandika barua ya aina nyingine kabisa.

Nilipowapigia, jibu lenu lilikuwa fupi: gari lilipita kwenye maji, tena lilizidishiwa mzigo, na beringi ni kitu cha kuchakaa, haina dhamana. Sikubaliani nalo. Gurudumu lile lilifunguliwa mbele yangu na fundi asiye wenu, na kila kilichotoka kilipigwa picha kabla hakijafutwa. Picha nimeziambatisha.

Nianze na maji. Beringi iliyoingiwa na maji haijifichi: grisi hubadilika rangi ikawa kama chai ya maziwa, na chuma hupata vidoa vya kutu mahali roli, vile vyuma vinavyobingirika ndani ya beringi, zilipopumzika gari likiwa limeegeshwa. Hii haina hata doa moja la kutu. Imeungua. Chuma kimegeuka bluu na cheusi, na grisi iliyobaki ni makapi makavu. Katikati ya roli, mahali inapotakiwa kujaa, karibu hakuna kitu, ila ndani ya kifuniko cha habu imerundikwa ya kutosha magurudumu mawili. Aliyefunga alipaka kwa kidole kwa juu, kisha akajaza kifuniko. Grisi ya kwenye kifuniko haitembei kuja kwenye roli. Beringi hushindiliwa grisi kwa kiganja, au kwa kifaa chake, upande ule mpana, mpaka itokeze upande wa pili katikati ya kila roli. Kazi hiyo huchukua dakika chache tu kwa beringi moja, na nililipia ifanyike.

Mzigo nao. Tangi la maji, friji, jiko na vyakula vya wageni vyote viko nyuma ya gari. Kama uzito ndio ulioua beringi, zingekufa za nyuma kwanza. Za nyuma hamkuzigusa ninyi, nazo zimefunguliwa na kukutwa nzima.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mpaka leo silielewi. Beringi ya koni huuzwa sehemu mbili: ile yenye roli, na duara la nje linalogongwa ndani ya habu. Huwekwa zote mbili pamoja. Ndani ya habu yangu limekutwa duara la zamani, lina jina la kiwanda kilekile kilichokuwemo tangu nilipolinunua gari, na njia ya roli imeshaanza kumeguka vipande vidogovidogo. Juu yake mkaweka roli mpya. Roli mpya juu ya njia iliyomeguka haiwezi kudumu, hata angeifunga nani. Najua kulitoa duara la zamani kunataka nyundo, kipande cha shaba na uvumilivu, na najua gereji ikijaa magari watu hukimbizana. Lakini mapya niliyoyalipia yako wapi? Kama yalirudi dukani kwenu, basi yameuzwa mara mbili.

Gurudumu la kulia, ambalo lilikuwa bado halijaanza kelele, tulilifungua pia: duara la zamani, oili sili ya zamani ambayo mdomo wake umekauka na kupasuka, grisi kiduchu. Kwa hiyo msiniambie ilikuwa bahati mbaya ya upande mmoja.

Nati za habu zina majeraha ya tindo kuzunguka pande zote. Nati hiyo ina spana yake ya boksi ya milimita 54, na gereji inayopokea Land Cruiser kila siku mjini Arusha haina sababu ya kutokuwa nayo. Si suala la urembo. Nati ya ndani ndiyo inayoamua beringi ibanwe kiasi gani: unakaza, unaizungusha habu ili roli zikae sawa, unalegeza, unakaza tena kidogo, halafu unavuta habu kwa mizani ya springi kuona inahitaji nguvu kiasi gani kuanza kuzunguka. Ikibanwa mno inaungua, ikilegea inacheza. Kwa tindo na nyundo huwezi kujua uko wapi kati ya hayo mawili. Washa, kile kisahani cha kufungia nati, nayo ni ya zamani, ulimi wake umekatika, maana yake hakukuwa na kitu cha kuizuia nati isijifungue yenyewe kwenye rasta.

Na beringi yenyewe? Boksi mlilonipa lina jina la kiwanda kikubwa cha Japani. Ubavuni mwa beringi hakuna jina wala namba iliyochongwa. Za kiwanda hicho huchongwa. Sitatamka neno feki mpaka wanaohusika wapime, ila ningekuwa ninyi ningeyatazama upya mabaki yaliyoko stoo kabla hayajafungwa kwenye gari la mteja mwingine, maana nusu ya magari ya utalii ya mji huu yananunua vipuri kwenu.

Sina ugomvi na kijana aliyefunga. Mliomwachia gari bila spana ya 54, bila mizani na bila mtu wa kukagua ni ninyi.

Ninachodai: mnirudishie fedha zote za ankara ya Juni, mlipie kulikokota gari kutoka Naabi hadi Arusha, mlipie habu na kipande cha ekseli ambacho beringi hukalia, kwani beringi ilipokwama ilizunguka juu yake ikakichubua, na mnirudishie nilichowarejeshea wageni kwa siku walizopoteza. Risiti zote zimeambatishwa. Nataka pia maelezo ya maandishi kuhusu mlikonunua beringi hizo.

Nasubiri jibu ndani ya siku 14. Msiponijibu nitapeleka shauri Tume ya Ushindani, ambayo pamoja na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inasimamia pia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, nao wataipima beringi hii na zile zilizoko kwenye rafu zenu.

Mliniomba nizilete beringi kwenu "zikaguliwe". Sitazileta. Ziko kwangu pamoja na maduara, nati na washa, kila kimoja kwenye mfuko wake, bila kusafishwa. Yeyote atakayetaka kuvikagua aje Njiro siku ya kazi na fundi wake, na wangu atakuwepo.

Wenu,

Mmiliki wa gari

Viambatisho: nakala ya ankara ya Juni, risiti za kukokotwa gari na za malipo waliyorejeshewa wageni, makadirio ya bei ya habu na ekseli, picha za magurudumu yote mawili.