Hesabu ya gata, mwanangu

Tabata, Dar es Salaam
Machi, mvua zimeshaanza

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku. Mimi sijambo, mama yako naye hajambo isipokuwa mguu wake ule ule. Hofu ni kwako uliye mbali na macho yetu, na baridi hiyo ya Arusha. Korosho zilizomo kwenye mfuko huu ni zako na wajukuu. Barua ni yako peke yako, isome wakishalala.

Uliniuliza kwenye simu, kwa adabu yako ya siku zote: "Baba, gata tu ndiyo zimekula milioni?" Nikakujibu mtandao unakatika. Mtandao haukuwa unakatika. Swali lako lina jibu refu, na kipande chake kimoja siwezi kukisema huku nasikia unavyopumua upande wa pili. Ndiyo maana nimetafuta kalamu.

Ulituma 1,200,000. Kazi yote imefika 1,045,000, na katika hizo kuna 50,000 sijamkabidhi fundi bado, nitakueleza sababu. Gata mpya zenyewe, yaani lile bati la ukingoni mwa paa linalobeba maji ya mvua, ni 210,000 tu: mita 14 za upande wa mwembe, kila mita 15,000. Sasa shika kichwani hiyo 210,000, halafu tuzitafute zile nyingine zilikokwenda.

Walikuja mafundi watatu. Wa kwanza alikuwa na kishikwambi chenye picha za nyumba za Mbezi Beach. Alisimama getini, uani hakuingia, akataja 2,350,000: ng'oa zote, weka za plastiki za kahawia nyumba nzima. Wa pili alitaka 180,000 na silikoni ya kutosha kuziba jahazi. Wa tatu ni mtu mzima wa Buguruni. Huyu alipofika aliomba ngazi kabla hajaomba maji ya kunywa. Alikaa juu karibu saa nzima, na aliposhuka alikuwa na mfuko wa sandarusi umejaa, akaumimina uani mbele ya mama yako. Majani ya mwembe yaliyooza hadi kuwa mboji. Mifupa ya kuku. Vipande vya waya. Na kijiko chetu kimoja cha chai, kile ambacho msichana wa kazi wa mwaka juzi alisemwa kwa ajili yake. Kunguru, mwanangu. Waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wale takataka, na leo sisi ndio tunaokula hasara zao. Mama yako hakusema neno, ila jioni alimpigia yule binti simu.

Katikati ya takataka hizo ulikuwemo waya wa shaba. Unaikumbuka antena uliyonisumbua tuifunge ili uone Kombe la Dunia la 2002? Antena ilishaanguka zamani, waya ukabaki umelala ndani ya gata. Shaba ikikaa kwenye maji juu ya bati lenye zinki, zinki ndiyo inayoliwa, na zinki ikiisha kutu inaingia moja kwa moja kwenye chuma. Fundi alinionyesha: palipolala waya, bati lilikuwa na tundu refu kama lililokatwa kwa mkasi. Miaka 27 karakana ya TAZARA nimewafundisha vijana habari hiyo, na juu ya kichwa changu mwenyewe sikuiona. Usijilaumu, ulikuwa mtoto na timu zilikuwa zinacheza vizuri.

Lakini tundu la waya si lililotugharimu. Kilichotugharimu ni maji ambayo hatukuyaona. Gata ikijaa majani, maji hayamwagiki kwa mbele tu ukayaona kama pazia. Yanarudi nyuma, yanapita kati ya gata na fishabodi, ule ubao wa ukingo wa paa unaobeba gata, yanaingia kwenye mbao. Fundi alichomeka bisibisi kwenye fishabodi, ikazama kama kwenye muhogo wa kuchemsha. Ncha mbili za kenchi, zile mbao zinazobeba paa, nazo zilikuwa zimelainika. Kutoka hapo maji yalishuka ukutani, na ule ukuta ndio wa chumba chako. Rangi iliyokuwa inababuka juu ya kitanda chako, niliyokuwa naisingizia chokaa mbaya, haikuwa chokaa.

Hapa ndipo penye kile kipande.

Unajua kila Februari nilikuwa napanda mwenyewe kuzisafisha, kabla ya masika. Mwaka 2019 goti likakataa, nikaacha, na sikumwambia mtu kwamba nimeacha. Mwaka 2021 fundi aliyekuja kwa kazi ya madirisha aliniambia maungio mawili ya upande wa mwembe yanavuja, akataka 90,000 ayatengeneze. Nilimwambia hiyo ni hela ya bure, ni mvua tu. Krismasi ya mwaka huo huo wewe ulinionyesha lile doa kwenye silingi, nikakujibu kwamba nyumba hii niliijenga mimi. Ulinyamaza, ukaenda kumsaidia mama yako jikoni. Basi nilichokataa kukilipa kwa 90,000 ndicho ulichokilipa wewe.

Nirudi kwenye hesabu. Fishabodi ya mita 14 imeondoka yote. Tumenunua mbao nne za paini zilizotiwa dawa, za futi 12, kila moja 28,000, ikawa 112,000. Mbao mbili za kushikizia kenchi 28,000. Saruji mifuko miwili 34,000 na mchanga 20,000 kwa ajili ya ukuta wako. Kirikuu cha kubeba kutoka Buguruni 30,000. Mabomba mawili ya inchi nne ya kushushia maji, moja kila upande, 76,000, na elbo zake, vile viungo vya kona, 24,000. Riveti, silikoni, misumari na rangi ya kuzuia kutu 85,000. Fundi na saidia wake, siku tatu, 300,000.

Vishikio vya gata vina hadithi yao. Mwaka 1991 nilipoezeka nyumba hii kwa mafungu ya mshahara, nilivipanga kila baada ya mita moja na robo, nikajiona mjanja nimeokoa chuma. Gata ya upande wa barabara kwa miaka yote hiyo imekuwa inabonyea katikati kama godoro la bweni. Sasa vimepigwa kila sentimita 60: 24 upande wa mwembe na 12 vya kuongezea upande wa barabara, jumla 36 kwa 3,500, ndiyo 126,000. Upande huo wa barabara hatukununua bati hata kipande. Gata yake ni nzima, imenyanyuliwa tu, maungio yakafunguliwa, yakasuguliwa, yakapigwa riveti upya. Yule wa kishikwambi alitaka kuitupa.

Nilimwamini huyu wa Buguruni siku ya kwanza ya kazi, aliponipa ncha moja ya mpira wa maji wa kupimia usawa niishike. Kwenye reli mteremko tulikuwa tunautaja kwa uwiano, na gata nayo ni hivyo: moja kwa mia mbili, kila mita mbili ishuke sentimita moja. Kwa mita 14 ni sentimita saba. Alipima, akafunga uzi, akapima tena, wala hakuniuliza kama najua. Wengi wanapima kwa jicho. Jicho linafuata fishabodi, na fishabodi za mjini hapa si wote waliozipiga sawa.

Bati nililifuata mwenyewe Kariakoo. Duka la kwanza waliniletea geji 32 wakiiita 28. Namba ya geji ikipanda unene unashuka, na si kila mnunuzi anajua. Nilitoa venia yangu, kile kipimo cha unene, mfukoni, nikapima pale pale juu ya kaunta, kijana akasema "samahani mzee, nimechanganya." Nikahamia duka la jirani.

Ukija kujenga kiwanja chako cha Kigamboni usiige haya ya kwangu. Sisi Tabata chumvi ya bahari haitufikii sana, na bati naweza kulipiga riveti na kulichomea likiniudhi. Kigamboni, karibu na maji namna ile, chumvi italila. Weka plastiki au alumini. Plastiki haina kutu ila inatanuka juani. Mwambie fundi aache nafasi kwenye maungio, asiibane mwisho kwa mwisho, la sivyo itajipinda kabla ya mwaka. Na upana: kwa kila mita ya mraba ya paa inayomwaga kwenye gata, nafasi ya ndani ya gata, ukiitazama kwa nchani, iwe na angalau sentimita moja ya mraba. Atakayekwambia gata zote ni sawa, mpe chai aende zake.

Kuna jambo jingine sikulisema kwenye simu. Ile gata iliyobonyea ilikuwa inakaa na maji wiki nzima baada ya mvua kukatika. Fundi alichota kwa kopo, yakatoka na viluwiluwi. Mji huu uliugua homa ya dengi mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wake ndiye huyu wa mchana, wa maji yaliyotuama karibu na watu. Mama yako mwaka 2019 alilazwa siku nne, unakumbuka ulivyopanda basi la usiku. Sidai mbu wake alitoka juu ya paa letu. Nilikaa tu kwenye ngazi ya pili, nikamwangalia fundi anavyochota.

Tangi la lita 1,000 tumelirudisha chini ya bomba la upande wa mwembe. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, hesabu haina ugumu. Upande huo paa lina mita za mraba 63. Mvua moja ya milimita 20, na masika inazo nyingi, inamwaga lita 1,260: tangi linajaa na nyingine zinapotea. Mji huu kwa mwaka unapata kama milimita 1,100. Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua tukaingia kwenye mgao, tulikuwa tunanunua maji ya madumu huku gata zenye tundu zinaning'inia juu yetu. Maji ya dakika za mwanzo tunayaacha yamwagike, maana kunguru hawajahama. Fundi ameweka elbo inayogeuzwa kwa mkono, na mama yako ameshajipa cheo cha kuigeuza.

Jirani wa upande wa mwembe, ambaye maji yetu yalikuwa yanamdondokea kibarazani, nilimfuata kumwomba radhi. Kumbe alishapanga kwenda kwa mjumbe mwezi huu. Tumeyamaliza kwa chai.

Zimebaki 155,000. Mama yako anasema ninunue ngazi mpya. Nahisi ni mtego, anataka kuona kama nitapanda. Nimekubaliana na fundi aje kusafisha kila Februari na kila Septemba, kabla ya masika na kabla ya vuli, kwa 30,000. Hizo zinatosha mara tano. Nimeziacha kwenye simu na sitaki unitumie nyingine.

Ile 50,000 nayo, nilimwambia fundi nitamkabidhi baada ya mvua ya kwanza kubwa. Hakununa. Alisema, "Mzee, hata mimi ningekuzuilia."

Juzi usiku, kama saa tisa, ikaja. Nilitoka na tochi na mwavuli, mama yako akanisema kutoka kitandani mpaka nikafika mlangoni. Nilisimama upande wa mwembe nikasikiliza maji yanavyokimbia ndani ya bati na kuanguka tangini. Nikafungua dirisha la chumba chako kwa nje, nikanyoosha mkono mpaka ukutani: pakavu. Nikazunguka upande wa barabara. Kule mwisho, karibu na jiko, kwenye ungio moja la zamani, tone. Kimya. Tone.

Asubuhi nilimpigia. Anakuja Jumamosi. Mama yako ameweka sufuria chini yake, na ile 50,000 iko ndani ya Biblia.

Baba yako